Miguu ya Kompyuta

Nilipokuwa darasa la tano nilimzuia msichana mmoja mlangoni mwa chumba cha kompyuta kwa sababu ya miguu yake. Naanza na hilo kwa sababu najijua. Nikianzia kwingine nitalipamba kosa mpaka lifanane na uangalifu, na mtaniona mtoto mwema aliyependa usafi.

Lilinirudia wiki iliyopita. Nilipewa kompyuta moja kuukuu ya mezani, lile boksi kubwa la bati, na kabla sijaifungua nikaiwasha nione kama bado inapumua. Baada ya dakika chache ikatoa harufu yake: vumbi linalopata joto ndani ya bati, kama debe tupu lililosahauliwa juani, na kwa mbali kitu kama nywele zinazokaribia kuungua. Wa rika langu mliosoma shule zilizopewa kompyuta za msaada mnaijua harufu hiyo. Mimi hunifanya niinamishe kichwa nitazame miguu yangu.

Nilikuja Miyuji kutoka Busi, kule Kondoa, kukaa na shangazi. Baba aliona shule ya mjini itanifaa. Kiswahili nilikijua, lakini kilinitoka na mdundo wa Kirangi, na nilipoitwa kusoma kwa sauti darasa zima lilinyamaza kwa hamu, kama watu wanaomtazama mtu akivuka tope na viatu vipya. Kwa hiyo nikawa mtoto wa kufuta. Nilifuta daftari mpaka karatasi ikatoboka. Ukurasa wenye kosa moja niliuchana wote na kuanza upya, hadi shangazi akaniuliza kama madaftari nayaandikia au nayala.

Chumba cha kompyuta kilikuwa mwisho wa baraza la shule, zamani stoo ya majembe. Kilikuwa na mlango wa chuma na pazia la kijani, na kila kompyuta ilifunikwa kitambaa cha kudarizi, vile kina mama wanavyofunika redio na makochi. Siku ya kwanza Mwalimu Sanga alisimama mlangoni akasema, "Viatu nje. Humu haingii kiatu." Alishusha sauti aliposema hivyo, na sisi tukashusha zetu.

Mimi nilijua mahali pa aina moja tu ambapo watu huvua viatu mlangoni, huongea chinichini, na kitu cha thamani hulala ndani ya kitambaa. Ni msikitini, na kwenye madrasa yetu ya Busi, ambapo msahafu ulikaa rafuni umefungwa vizuri. Hakuna aliyenieleza kuwa viatu vinahusu vumbi, na kuuliza niliogopa, kwa hiyo nikajieleza mwenyewe. Jumatano iliyofuata, kabla ya kipindi, nilikwenda bombani nikatawadha. Mikono, kinywa, uso, mpaka miguu, kwa mpangilio ule ule niliofundishwa. Nilikwama mahali pamoja tu: sikujua nitie nia ya nini.

Mwalimu Sanga alitukagua mlangoni. Alipofika kwangu akasimama.

"Miguu ya nani hii?"

"Yangu, mwalimu."

"Mnaiona?" akawaambia wenzangu. "Tazameni visigino. Hii ndiyo miguu ya kompyuta."

Darasa likacheka, na jina likanikaa kwa muda wote niliosoma pale. "Miguu ya Kompyuta, shikamoo!" walinisalimia wakubwa zangu. Waliogundua nilichokuwa nafanya bombani wakaongeza: "Sheikh Kompyuta." Sikuudhika. Lilikuwa jina la kwanza nililopewa mjini ambalo halikuhusu jinsi ninavyoongea. Mwalimu akanifanya kiranja wa mlango. Nikakabidhiwa kitambaa cha kupangusia na kazi ya kukagua miguu ya wote, na nikaifanya kazi hiyo kama mtu aliyeahidiwa pepo.

Tulikaa wawili wawili. Mwenzangu kwenye kompyuta namba tatu, ile ya karibu na dirisha, alikuwa Nyemo. Alinizidi mwaka mmoja au miwili, na kwao ilikuwa nyuma ya kilima, ambako mama yake aliponda kokoto za kuuza kwa wajenzi. Nyemo naye aliponda, alfajiri kabla ya shule. Alikuja na vumbi jeupe la mawe lililopanda mpaka magotini na kujaa kwenye nyufa za visigino, mahali ambapo kitambaa hakifiki. Mwanzoni nilimpangusa tu, akaingia. Alikuwa akiniambia, "Pole pole, Sheikh, unanitekenya."

Siku tuliyofundishwa kuandika majina yetu, niliandika Shabani, na kompyuta ikachora mstari mwekundu chini yake. Nilitokwa jasho. Kalamu nyekundu niliijua kazi yake. Nikafuta, nikaandika tena, mstari ukarudi. Jirani yetu wa namba nne, aliyeitwa John, alikuwa hana mstari. Nikafuta jina langu nikaandika John, kukawa shwari, nikaacha hivyo. Nyemo akaandika lake. Mstari mwekundu ukatokea. Akauangalia kidogo, akaegemea kiti.

"Futa haraka," nikamnong'oneza. "Umekosea."

"Nimekosea jina langu?"

"Kompyuta inasema."

"Hainijui tu. Itanizoea."

Akaliacha mpaka mwisho wa kipindi, na nakumbuka nilimwonea huruma.

Kisha ikaja siku ya kupanga namba. Mwalimu Sanga alitupa orodha ya namba zilizochanganyika, tuzihamishe moja moja mpaka zikae kutoka ndogo kwenda kubwa. Hatua alikuwa amezieleza ubaoni: tafuta iliyo ndogo kuliko zote, ipandishe juu, rudi utafute nyingine. Nilikuwa nimezikariri kwa kichwa. Nikashika kipanya nikaanza. Nyemo akanitazama kwa muda kidogo, kisha akanipokonya.

"Utazeekea hapo. Tenga kwanza. Zote zilizozidi hamsini peleka huku, zilizobaki ziache. Halafu kila fungu litenge tena. Kwenye kokoto ndivyo tunavyofanya. Unapitisha kwenye chekeche kubwa, halafu chekeche dogo. Huwezi kuokota jiwe moja moja, jua litakuua."

Tulimaliza wengine wakiwa hawajafika nusu. Mwalimu Sanga akaja akainama juu ya kioo.

"Nani kakufundisha hivi?"

"Mama, mwalimu. Kwenye kokoto."

Chumba kizima kikalipuka. Hata mwalimu alitabasamu, na sidhani alikuwa mtu mbaya. Alikuwa amesoma hatua zake kitabuni usiku wa jana yake, naye aliogopa kukosea kama mimi. "Kokoto ziache huko huko," akasema. "Hapa tunafuata ubao. Shabani, zirudishe zilivyokuwa, mpange kwa hatua zangu." Nikazirudisha. Nilicheka pia, na nilicheka kwa sauti kuliko wengine. Maana mimi nilikuwa nimezikariri hatua zile zote, na huyu aliyekuja na miguu myeupe alikuwa ameona kitu ambacho mimi sikukiona.

Ningependa kusema yaliyofuata yalitokana na vumbi peke yake. Yalitokana na wivu pia, ila wivu sikuujua jina lake. Niliuita usafi.

Jumatano iliyofuata nikamsimamisha mlangoni. Sheria ya Mwalimu Sanga kila mtu aliijua: viti vilikuwa vichache, waliongoja nafasi walikuwa wengi, na aliyekosa Jumatano tatu mfululizo kiti chake kilikwenda kwa mwingine.

"Rudi ukanawe," nikamwambia.

"Maji yako wapi? Bomba limekauka tangu juzi."

"Mimi nimekuja nimenawa."

"Wewe unakaa hapo tu barabarani. Njoo ulale kwetu siku moja, uamkie nyundo, halafu upande kilima uje. Tuone utafika na miguu gani."

"Sheikh kakataa!" wakapiga kelele nyuma yake. "Ndoa haifungwi leo!"

Nyemo akamwangalia Mwalimu Sanga, aliyekuwa anahangaika na nyaya chini ya meza. "Mwalimu, shikamoo. Naomba niingie."

"Marahaba. Kiranja anasemaje?"

"Ana vumbi, mwalimu."

"Basi ameshasema."

Jumatano ya pili ikawa vile vile, ila safari hii hakubishana. Alisimama kidogo akiangalia namba tatu juu ya bega langu, ile niliyokuwa nimeshaifunua kitambaa chake, kisha akaondoka. Nilikaa peke yangu na kipanya changu. Nilipanga namba zote kwa hatua za ubaoni, nikapata zote, na Mwalimu Sanga akanipa vema. Nyumbani nilishindwa kula. Shangazi akanishika paji la uso akasema sina homa.

Jumatano ya tatu alikuja amebeba chupa ya maji ya lita moja na nusu, imejaa. Alikuwa ameitoa kwao, akapanda nayo kilima, akashuka nayo, na siku ile jua lilikuwa kali la mwezi wa kumi. Hakunywa. Alikaa kwenye ngazi ya mlango mbele ya watu wote, akavua yeboyebo zake, akaosha mguu mmoja, kisha wa pili, vidole kimoja kimoja, na visigino akavisugua kwa kijiwe alichokuwa nacho mfukoni. Maji meupe kama ya mchele yakatiririka ngazini. Hakuna aliyecheka. Akainuka akaniinulia unyayo.

"Kagua."

Nikakagua. Sikuona kitu. Nikampisha.

Ningetamani kompyuta ile ingechagua siku nyingine. Kipindi kilikuwa hakijafika nusu pale namba tatu ilipokohoa, ikatoa ile harufu, kioo kikawa cheusi. Mwalimu Sanga alibonyeza kila alichojua kubonyeza. Kisha akasimama, jasho linamtoka, na nikaona ana hofu; kompyuta zile alizisainia yeye. Akaniuliza mimi, kwa sababu mimi nilikuwa mlango.

"Nani ameingia na vumbi?"

Hapo ndipo nilipokuwa na nafasi. Nilikuwa nimeushika unyayo ule kwa mikono yangu. Ningesema hakuna. Lakini kiranja ambaye hakuona vumbi alikuwa kiranja aliyekosea, na mimi nilikuwa mtu wa kuchana ukurasa mzima.

"Miguu amenawa," nikasema, "lakini sketi yake ina vumbi, mwalimu."

Ilikuwa kweli. Kwenye pindo kulikuwa na weupe kidogo. Mwalimu Sanga akachukua orodha, akakata jina moja kwa rula, mstari ulionyooka. Nyemo akatoka. Aliketi tena kwenye ngazi ile ile, bado ina maji, akavaa yeboyebo. Mimi nilikuwa nimesimama juu yake na kitambaa changu.

"Sheikh," akasema bila kuinua uso, "ulitaka ninawe nini kingine?"

Kiti chake alipewa mtoto mwingine. Mimi nilibaki kiranja mpaka darasa la saba.

Nilipokuwa kidato cha pili, shule ile ilitoa nje kompyuta zilizokufa. Nilikuwa nimezoea kupita pale, na Mwalimu Sanga akaniambia nichague moja nikachezee. Nikachagua namba tatu. Niliibeba kwa toroli mpaka kwa shangazi, nikaifungua uani kwa kisu cha jikoni, kwa kuwa bisibisi sikuwa nayo. Sikuwahi kuona ndani ya kompyuta. Nilitegemea kitu kinachong'aa. Nikakuta blanketi. Vumbi lilikuwa limejisokota kuzunguka feni, nene, unaweza kulikunja, na lilikuwa jekundu.

Nikalichukua kwa kidole. Jekundu kabisa, la barabara. Nikakumbuka dirisha nyuma ya namba tatu, kioo chake kimoja kilichovunjika na kuzibwa kwa boksi, na barabara ya udongo nje ambako malori ya mchanga yalipita kutwa. Nikageuza, nikatikisa, nikafungua kila kilichofunguka. Nilitafuta weupe. Nilitafuta mpaka giza likaingia, na ninakiri kwamba nilitaka sana kuupata. Punje moja ingenitosha. Haikuwepo. Siku hizi, baada ya kujifundisha mengi kwa kubomoa na kuunga, sina hakika hata kama ni vumbi lililoiua. Huenda ni umeme wetu wa kukatika na kurudi kwa kishindo. Lakini jioni ile nilijua jambo moja, nalo lilitosha.

Kesho yake nilipanda kilima. Nyemo alikuwa anaponda, bado amevaa sketi ya sekondari ya kata ya kwao, na mama yake amekaa upande wa pili wa rundo. Nikaamkia. Mama akaniitikia "marahaba", akaongeza "mbukwa" yake ya Kigogo, na mikono haikusimama. Nikamweleza Nyemo habari ya vumbi jekundu. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima, nikasema yote bila kupumua.

Akasikiliza mpaka mwisho.

"Umepanda kilima kuja kuniambia hilo?"

"Ndiyo."

"Mimi nilijua. Vumbi langu nalijua, ni jeupe. Lile la mezani pale kila Jumatano lilikuwa jekundu. Nilikuwa nalipangusa kwa kiwiko kabla hujafika na kitambaa chako."

"Sasa mbona hukusema?"

Akaniangalia kama alivyouangalia ule mstari chini ya jina lake.

"Nimwambie nani, Shabani? Aliyekuwa mlangoni ni wewe."

Nikamwambia kompyuta iko kwa shangazi, aje aitumie wakati wowote. Akauliza kama inawaka. Nikasema haiwaki. Hapo akacheka, akacheka mpaka akaweka nyundo chini. "Mama, msikie huyu! Kaniletea msiba wa kompyuta."

"Mwambie achukue nyundo," mama akasema. "Maneno hayapondi."

Nikachukua nyundo. Nilijiponda kidole mara mbili. Nyemo hakusema amenisamehe, na mimi sikuomba vizuri. Nilieleza tu, kama mtu anayesahihisha hesabu. Nilirudi nyumbani jioni na miguu myeupe mpaka magotini, na shangazi akanizuia mlangoni kwake kwa ufagio, "Hapo hapo! Umetokea mashineni kusaga?" Nikasimama nje nikingoja maji.

Miaka baadaye, nikijifundisha kuandika programu kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, nilikuta njia ya kupanga namba kwa kutenga mafungu, kubwa huku, ndogo huku, kisha kila fungu tena. Ina jina lake, ina kurasa zake. Nilisoma mara tatu.

Sasa kila Jumamosi nafundisha watoto kwenye chumba ambacho shangazi alikuwa akikaangia maandazi. Somo la kupanga naanza na ndoo ya kokoto na machekeche mawili. Majina yanapopigiwa mstari mwekundu tunayaongeza moja moja kwenye kamusi ya kompyuta, mpaka iwazoee. Mtaniona kama mtu aliyejifunza. Nami nilidhani hivyo. Lakini siku ya kwanza kabisa ya darasa hilo nilibandika mlangoni karatasi niliyoichora kwa rula: VUA VIATU. Niliandika bila kufikiri. Akaja binti wa jirani ambaye mguu wake mmoja ni mfupi, na kiatu chake kimoja kina soli nene ya kumsawazisha. Akasoma karatasi. Akageuka kurudi kwao, na mimi nilimwona kutoka ndani, nikiwa nanyoosha kitambaa juu ya kompyuta.

Nilimkimbilia. Nilimkuta amefika kwenye kona. "Nikivua, mwalimu, siwezi kutembea sawa," akaniambia, kwa upole, kana kwamba mimi ndiye wa kufarijiwa.

Nyemo yuko Kibaigwa siku hizi, kwenye biashara ya mahindi. Nilimpigia kumwomba ruhusa ya kuandika haya. Nyuma yake nilisikia malori na watu wanaogombania magunia. "Andika," akasema, "na jina langu uliweke. Ila usije ukaniandika nalia. Sikulia." Ni kweli, hakulia.

Karatasi niliibandua siku ile ile. Watoto wanaingia na viatu vyao. Kipindi kikiisha, nafungua madirisha, nafagia.